Mbegu za Jumamosi



Naomba twende mbali, hadi mji wa Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Huko Oktoba ni mwezi wa majani kupukutika. Siku zikifupika na baridi ikianza kuuma, majani huacha kutengeneza ile rangi ya kijani. Manjano iliyokuwamo tangu mwanzo, ila imefunikwa, hujitokeza. Na miti iitwayo maple hutengeneza wekundu mpya kabisa, zikiwa zimebaki siku chache jani lianguke. Watu hutoka majumbani kuutazama. Huja na watoto, huja na wazee wao, hupiga picha chini ya miti.

Wengi hukimbilia bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambayo wenyeji huiita Arboretum. Ni ekari zipatazo 1,200 za misitu, vinamasi na mbuga za nyasi, kando ya Ziwa Wingra, ndani ya mji. Hakuna kiingilio. Na chuo chenyewe si kigeni sana kwetu, kwa kuwa kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi.

Sasa, rangi za majani ni nzuri, na anayezifuata ana haki ya kuzifuata. Lakini maoni yangu ni kwamba jambo kubwa la mahali pale haliko juu mitini. Liko chini, kwenye nyasi zilizokauka zikawa na rangi ya kutu, na liko mikononi mwa watu wanaoinama kuzichuma mbegu.

Jumamosi asubuhi wanakusanyika. Kuna mwanafunzi aliyefika chuoni mwezi uliopita, kuna mstaafu, kuna mzazi na binti yake. Wanapewa glavu, wanapewa ndoo na mifuko. Kiongozi anawaonyesha mmea wa siku hiyo, anawaonyesha mbegu iliyoiva na isiyoiva. Iliyoiva huachia yenyewe ukiivuta kidogo. Ikigoma, unaiacha. Na kuna sharti jingine: usimalize. Nyingi zibaki kwa ajili ya ndege, panya wa porini na ardhi yenyewe. Kisha wanasambaa katika nyasi zilizowazidi kimo, maana ile iitwayo big bluestem hufika mita 2 na zaidi, na suke lake hugawanyika mara tatu mfano wa mguu wa bata mzinga. Wanachuma na kuzungumza. Baadhi ya vichwa vya maua vilivyokauka, ukivisugua kiganjani, hutoa harufu tamu ya viungo ingawa mmea umeshakufa juu ya ardhi.

Msikilizaji wa Upareni au Usambaani akiwaona atasema mara moja: huu ni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya jamii.

Mbegu zile hukaushwa, hupurwa, huchekechwa. Kisha huchanganywa kwa kufuata mahali zinapokwenda, maana mmea wa mteremko mkavu haufai bondeni penye maji. Halafu zinarudishwa ardhini kabla ya baridi kali, mara nyingine juu ya theluji ya kwanza. Mtu wa kwetu anaweza kushangaa: nani hupanda wakati ardhi inakaribia kuganda? Lakini mbegu nyingi za mbuga zile haziamki mpaka zipitie majira ya baridi katika unyevu. Ukizipanda wakati wa joto bila kuzipitisha kwenye baridi, hulala tu. Miezi ile migumu ndiyo inayozifungua.

Kazi hii ina historia, na ninaipenda kwa sababu haikuanzishwa na matajiri wa kupamba mji. Arboretum ilizinduliwa rasmi tarehe 17 Juni 1934. Siku hiyo Aldo Leopold, profesa wa wanyamapori na mkurugenzi wa utafiti wa mahali hapo, alieleza kusudi lililokuwa geni kwa wakati ule. Bustani nyingi za miti hukusanya miti ya nchi mbalimbali na kuipachika vibao vya majina. Yeye na wenzake walitaka kurudisha mfano wa Wisconsin kama ilivyokuwa walowezi walipofika katika miaka ya 1840. Mbuga zile zilikuwa zimegeuzwa mashamba kwa jembe la chuma karibu zote. Hata leo, kilichosalia cha mbuga za asili za jimbo hilo hakifiki asilimia 1.

Nani angeifanya kazi hiyo? Marekani ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi, na vijana walikuwa hawana ajira. Rais Franklin Roosevelt alikuwa ameanzisha mwaka 1933 kikosi cha vijana cha kazi za uhifadhi, Civilian Conservation Corps. Kambi yao mojawapo iliwekwa ndani ya Arboretum kuanzia 1935 hadi 1941. Chini ya usimamizi wa Theodore Sperry, mtaalamu aliyekuwa amesomea mizizi ya mimea ya mbuga, vijana hao walikwenda kwenye mabaki ya nyasi za asili, wakachimba mabonge ya udongo na mizizi yake, wakayapakia, wakayaleta na kuyapanda katika shamba lililochoka ambalo lilikuwa limelimwa, kisha likaachiwa farasi kuwa malisho. Leo shamba hilo linaitwa Curtis Prairie. Lina ekari zipatazo 70, na linatambuliwa kuwa ndiyo mbuga kongwe duniani miongoni mwa zile zilizorudishwa na watu. Vijana wasio na ajira, wenye sepetu mikononi, ndio waliofungua mlango wa taaluma ambayo sasa inafundishwa katika vyuo vya dunia nzima.

Haikwenda vizuri mara moja. Nyasi za malisho zilizotoka Ulaya zilikataa kuondoka, zikazisonga zile za asili. Jibu likawa moto. Profesa John Curtis, ambaye jina lake mbuga hiyo inalo hadi leo, alifanya majaribio pale katika miaka ya 1940, akaonyesha kwamba kuchoma kwa mpangilio huzidhoofisha nyasi za kigeni, zinazowahi kuchipua kukiwa bado na baridi, huku nyasi za mbuga zikisalimika kwa kuwa uhai wake umejificha chini ya udongo. Msikilizaji wa Longido au Narok hatashangazwa na habari hii. Wafugaji wetu wamechoma malisho tangu enzi ili majani mapya yachipue na kupe wapungue.

Hata Wisconsin jambo hilo halikugunduliwa na profesa. Ardhi ile ni ya mababu wa Waho-Chunk, wenyeji wa asili wa pale, ambao eneo la Madison hulijua kwa jina la Teejop. Wao ndio waliokuwa wakiziwasha nyasi zile, na moto wao ni sehemu ya sababu iliyofanya mbuga zibaki mbuga badala ya kumezwa na msitu. Mwaka 1832 walilazimishwa kuitoa ardhi hiyo kwa mkataba. Vilima vya udongo vilivyojengwa na watu wa kale bado vimo ndani ya Arboretum. Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba pale palirudishwa asili isiyoguswa na binadamu, tumsahihishe kwa upole. Kilichorudishwa ni kazi ya watu. Walowezi walikuta ardhi iliyotunzwa, wakaidhani pori. Mimi naona kila mwongozaji wa matembezi ya Oktoba anapaswa kuanza na habari hiyo, kabla ya kumtaja Leopold.

Kuna mtu mwingine ambaye habari zake hunifikirisha. Upande wa kusini wa Arboretum iko mbuga ya pili, Greene Prairie. Mtaalamu wa mimea Henry Greene aliipanda karibu peke yake, kwa mikono yake, katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, akichagua kwa makini kila mmea ukae wapi. Ni kazi ya heshima kubwa. Hata hivyo mbuga inayomtegemea mtu mmoja imo hatarini tangu siku anapoweka jembe chini. Ile ya watu wengi huwa na makosa zaidi, mistari yake haijanyooka, lakini kila mwaka huja mikono mingine. Kama chuo kikuu kingeniuliza kichague lipi, ningekiambia kichague hiyo mikono mingi.

Twende Novemba. Majani ya maple yameshaanguka, wapiga picha wamerudi majumbani. Hapo ndipo adui mmoja hujitoa mwenyewe hadharani. Kuna kichaka kiitwacho buckthorn, kilichopelekwa Amerika kutoka Ulaya ili kiwe ua wa nyumba. Kikatoroka, kikaingia misituni, kikaweka kivuli kizito hata maua ya chini na miche ya mialoni ikakosa mwanga. Wakati wa kiangazi huwezi kukitofautisha kwa urahisi katika kijani chote kile. Lakini kina tabia ya kung’ang’ania majani yake. Msitu mzima ukiwa mtupu, chenyewe kimesimama kibichi. Basi watu wa Jumamosi huja na misumeno na mikasi mikubwa. Wanakata, wanaburuta, wanarundika. Kisiki kisipopakwa dawa huchipua tena. Kazi hiyo inachosha kuliko kuchuma mbegu, haina picha nzuri ya kumtumia rafiki, na bado watu wanakuja.

Shughuli nyingine ni nyingi, nitazitaja kwa haraka: matembezi ya usiku ya kusikiliza msitu, matembezi ya ndege, programu za familia mwishoni mwa juma. Septemba vipepeo wa monarki hupita wakielekea Mexico, na programu iitwayo Journey North hupokea taarifa za raia wa kawaida wanaoandika wamewaona wapi na lini. Mtoto wa shule akiandika alichokiona uani kwao, taarifa yake huingia katika ramani ya safari ile.

Lakini kuna jambo ambalo mbegu pekee haziliwezi. Barabara kuu ya Beltline inaikata Arboretum, ikizitenga mbuga hizo mbili, na mngurumo wa magari haukatiki. Kubwa zaidi ni maji. Mvua inayonyesha juu ya mapaa, barabara na maegesho ya magari huteremka kwenye ardhi ya chuo, ikibeba udongo na mbolea za bustani za watu. Panapotuama maji hayo, nyasi vamizi zinazopenda rutuba nyingi huota kwa fujo na kufuta yale waliyopanda vijana wa mwaka 1936. Mabwawa ya kuyatuliza yamechimbwa, nayo yanasaidia, ila chanzo kiko nje ya mipaka ya chuo. Kiko majumbani.

Ndiyo maana nazithamini Jumamosi hizo kuliko makala za kitaalamu, ingawa makala nazo zinahitajika. Wanaoishi juu ya mteremko na wanaochuma mbegu bondeni ni watu wa mji mmoja, na mara nyingine ni mtu yuleyule. Aliyepitisha asubuhi nzima akijaza ndoo katika Curtis Prairie ana sababu ya kuuliza maji ya paa lake yanaelekea wapi, na ana haki ya kusimama mbele ya baraza la mji na kuliuliza swali hilo kwa sauti. Chuo peke yake, pamoja na maprofesa wake wote, hakiwezi kumlazimisha jirani. Kinaweza tu kumkaribisha.

Najua Wisconsin wapo ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, na wengi wao wanajua kupura na kuchekecha kuliko wanafunzi watakaowakuta pale. Ndugu zangu, nendeni. Hawaulizi cheti, hawaulizi ada. Oktoba kazi ni mbegu, Novemba ni vichaka, na glavu mtapewa hukohuko.