Kompyuta Inapozima Ghafla: Tupime Kabla ya Kulaumu Joto

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta

1. Utangulizi

Mteja akileta kompyuta inayozima yenyewe, wengi wetu tunakuwa na jibu kabla hata ya kuiwasha: prosesa inachemka. Tunapuliza vumbi, tunapaka pesti mpya, tunapokea hela, na baada ya wiki mashine imerudi. Mada hii inatetea jambo moja: joto ni mshukiwa kama washukiwa wengine, na likihusika huacha alama zinazopimika.

2. Prosesa inavyojilinda

Prosesa za kisasa zina vihisi joto ndani yake. Nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Ryzen 7000 za AMD nyingi zimewekewa 95, na kampuni imeeleza kuwa zimeundwa kuhimili kazi katika joto hilo. Kikomo kikifikiwa, prosesa hupunguza kasi kwanza. Joto likizidi kupanda licha ya hayo, ndipo mashine hujizima.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ya joto ni uzito: feni inanguruma, video inakwamakwama, programu zinachelewa kufunguka. Feni ikiwa imekufa au hitisinki imelegea, hatua hizo hupita kwa sekunde chache tu. Lakini mashine iliyozima huku prosesa ikisoma nyuzi 60, tuitafutie sababu kwingine.

3. Vipimo

Tufungue HWiNFO, tuiache irekodi, kisha tuipe mashine kazi nzito kwa dakika 20. Tutazame joto na kasi kwa pamoja. Joto likigota kwenye kikomo na kasi ikaporomoka, upoozaji una kasoro au hautoshi. Tuandike pia joto la chumba: mashine iliyopimwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 22 itasoma takriban nyuzi 10 zaidi ikirudishwa kwenye duka la nyuzi 32 Kariakoo.

Kisha twende Event Viewer ya Windows. Tukio la Kernel-Power 41 husomwa na wengi kama ushahidi wa pawa saplai mbovu, kumbe linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Taarifa za WHEA-Logger zina uzito zaidi, kwa sababu hutokana na hitilafu iliyoripotiwa na vifaa vyenyewe. Skrini ya bluu nayo huacha msimbo wa kufuatilia. Mashine ikikatika kimya, bila skrini ya bluu, tukague umeme na pawa saplai. Ramu ijaribiwe kwa MemTest86+ usiku kucha, kisha moja moja.

4. Funzo la Intel, 2024

Watumiaji wa Core i9 za kizazi cha 13 na 14 walikuta michezo ikijifunga, mara nyingine kwa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, wakati kadi zilikuwa nzima. Julai 2024, Intel ilieleza kuwa mikrokodi ilikuwa ikiagiza volti kubwa kupita kiasi. Agosti ikatolewa mikrokodi 0x129 kupitia masasisho ya BIOS, na dhamana ikaongezwa miaka 2. Prosesa iliyokwisha kuharibika haikuponywa na sasisho hilo, ilibidi ibadilishwe. Fundi aliyebadilisha kadi kwa kuamini ujumbe, au aliyefunga feni kubwa zaidi, alimtia mteja hasara bure.

5. Mapendekezo

Tupime kabla ya kufungua kasha, na tupime tena baada ya matengenezo kwa kazi ileile. Tubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Tukibadilisha vitatu, hatutajua kipi kilikuwa kibovu. Tusasishe BIOS kabla ya kuhukumu prosesa. Mwisho, vipimo vya kabla na baada viandikwe kwenye risiti ya mteja, ili mashine ikirudi fundi yeyote aanzie pale mwenzake alipoishia.