Kitivo Kabla ya Majengo: Miaka ya Mwanzo ya Mlimani



Tarehe 25 Oktoba 1961, zikiwa zimebaki wiki sita tu Tanganyika ipate uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango ambayo haikuwa yake. Kilianzia katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mlimani, kampasi tunayoijua leo, palikuwa bado pori. Nimeuchagua mwanzo huo kuwa mada yangu kwa sababu naamini waliouanzisha walijua jambo ambalo sisi, wenye majengo mengi kuliko wao, tumeanza kulisahau: chuo huanza pale watu wanapokubaliana kitafundishwa nini, na kwa ajili ya nani.

Kwa nini sheria? Makerere ilikuwa na udaktari na kilimo. Nairobi ilikuwa na uhandisi. Afrika Mashariki nzima haikuwa na mahali pa kusomea shahada ya sheria, na Mtanganyika aliyetaka uwakili alilazimika kuvuka bahari. Nchi ilikuwa inakaribia kujitawala huku mawakili wake Waafrika wakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Haja hiyo ilionekana kwa macho, na programu ya kwanza ikafuata haja. Miongoni mwa wanafunzi wa miaka ya mwanzo alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye somo lenyewe. Fikirieni mhadhiri wa mwaka 1962 anayeingia darasani kufundisha sheria ya ardhi. Vitabu alivyonavyo vimeandikwa Uingereza, na vinaeleza umiliki ambao mkulima wa Usukuma au Upare hakuwahi kuujua. Mikataba ya Tanganyika ilikuwa imetawaliwa kwa miaka mingi na sheria iliyotungwa India mwaka 1872, na ushahidi mahakamani uliendelea kufuata sheria ya India hadi 1967. Mirathi ya mtu wa Pwani ilifuata Uislamu, ya mtu wa bara ilifuata mila za kabila lake, na mila hizo ndiyo kwanza zilikuwa zinaandikwa. Tangazo la sheria za kimila lilitoka mwaka 1963. Mwaka huohuo Serikali ikafuta umiliki wa ardhi wa kudumu waliokuwa nao wachache. Angefundisha nini mhadhiri huyo, na kwa kitabu kipi?

Jibu lilikuwa kuandika. A. B. Weston, amidi wa kwanza wa kitivo, pamoja na wenzake kama William Twining, na baadaye Yash Ghai kutoka Kenya, walikusanya hukumu, sheria na taarifa za hapahapa, wakazifanya ndizo masomo. Weston alikwenda mbali zaidi akatayarisha orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1968. Mtu anayedhani wageni wote waliofundisha miaka ile walikuja kumwaga tu ya kwao aitafute kazi hiyo na kuipitia kwa makini.

Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964. Sitayasemea sana majengo. Ukumbi wa Nkrumah uliwahi kukaa kwenye noti ya shilingi 500 na Watanzania wengi wameushika mkononi. Vitivo ndivyo vilivyonivutia zaidi. Sanaa na sayansi za jamii zilianza mwaka huo, sayansi ikafuata 1965. Mwaka huohuo wa 1964 ikaanzishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kazi ya kamati ya lugha ya tangu 1930, na iliyokuja kutupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Idara ya Historia ilikuta tatizo lilelile la wanasheria. Terence Ranger, aliyeianzisha, alikuta vitabu vingi vinavyomweleza Mjerumani na Mwingereza katika Tanganyika, na vichache mno vinavyomweleza Mtanganyika. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho sura zake ziliandikwa na watu wa idara hiyo na washirika wao. Walter Rodney naye alifundisha hapo, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoikwamisha Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kilichapishwa London na Dar es Salaam kwa pamoja. Katika sanaa za maonyesho, wanafunzi wakaigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, Vita vya Maji Maji vikapanda jukwaani kwa Kiswahili.

Sisemi mambo yote yalikuwa shwari. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, wanataaluma na viongozi walikaa kitako Mlimani kujadili chuo cha nchi ya kijamaa kifundishe nini. Mtu anaweza kulaumu majibu mengi ya wakati ule, nami nalaumu baadhi yake. Bado nawaonea wivu watu ambao waliichukulia mitaala kuwa jambo la kugombaniwa hadharani.

Leo tuna maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Tuna mabweni ya wanafunzi 3,840 yaliyofunguliwa mwaka mmoja kabla. Nashukuru kwa yote hayo; mwanafunzi asiye na pa kulala hasomi. Lakini nikipita kwenye rafu naona kozi ngapi zetu zinaegemea kitabu kilichoandikwa kwa mwanafunzi wa nchi nyingine, chenye mifano ya benki, mashamba na mahakama za kwao. Mhadhiri kijana anayetaka kuandika cha kwetu hugundua mapema kwamba kitabu cha kufundishia hakimsogezi sana kwenye upandaji vyeo, na kwamba semesta haimwachii muda wa kukiandika.

Kwa hiyo, Makamu Mkuu wa Chuo, natoa maombi mawili mbele ya hadhara hii. La kwanza, kitabu cha kufundishia kilichoandikwa kutokana na utafiti wa hapa nchini, kwa Kiswahili au Kiingereza, kipewe pointi sawa na makala za jarida la kimataifa kwenye kupandisha vyeo. La pili, kila idara impe mhadhiri mmoja, kwa zamu, semesta nzima isiyo na vipindi, na mwisho wa semesta hiyo aweke mswada mezani kwa mkuu wa idara.