Minyoo, Udongo Wetu na Vyoo vya Shule

Maneno ya kamati ya afya katika mkutano mkuu wa mwaka



Tumepewa mada isiyopendeza kabla ya chakula. Tunazungumzia minyoo. Kiswahili chenyewe kina utani hapa: mchango ni fedha tunayoombana leo, na mchango ni ugonjwa wa minyoo tumboni. Tunaomba ule wa kwanza uutoe huu wa pili.

Kwetu mtu husema "sina minyoo" kwa sababu hajaiona. Anayeonekana ni yule mnyoo mviringo, mrefu kama rula ya mwanafunzi, anayetoka na choo. Safura haonekani. Ana urefu wa sentimita moja hivi, anang'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, miaka na miaka. Dalili yake tunaiona kila siku bila kuitambua: mtoto anayesinzia darasani, viganja na kope za ndani zilizopauka, hamu ya kula udongo. Mama mjamzito anayepanda kilima na ndoo ya maji, akisimama kila hatua kumi kuvuta pumzi, tusiseme ni mimba tu. Aende kliniki apimwe damu. Dawa ya minyoo hupewa wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza, na wengi wanaiogopa bure.

Ndugu zetu wa Mgeta wanaofuga nguruwe wana jambo la ziada. Nyama yenye vidonge vyeupe kama punje za mchele ina tegu. Ukiila haijaiva, tegu anaota utumboni mwako. Kibaya zaidi ni kumeza mayai yanayotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwa mikono michafu au chakula kilichochafuliwa. Hayo huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa, na hapo ukoo huanza kuulizana nani karoga. Nguruwe naye huupata kwa kula kinyesi cha binadamu. Afungiwe bandani, nasi tutumie choo.

Mtatuuliza: si watoto wanapewa dawa shuleni? Wanapewa, kidonge kimoja cha albendazole, na tunawaomba wazazi wasiwafiche watoto siku hiyo. Lakini kidonge kinaua mnyoo aliye tumboni. Mayai yaliyo ardhini hakiyagusi, na mayai ya mnyoo mviringo yanaweza kukaa miaka katika udongo wenye unyevu na kivuli. Udongo wa Uluguru ndio huo hasa. Mtoto anameza dawa leo, kesho anarudi nyuma ya migomba, pekupeku, kwa sababu choo cha shule kimejaa au kimetitia. Vijidudu vya safura vinapenya kwenye ngozi ya mguu wake, safari inaanza upya.

Halafu kuna mteremko. Choo kifupi kikichimbwa juu, masika yakija kilichomo kinashuka hadi kwenye bustani za mboga na mtoni. Sisi tulioko Dar es Salaam tusijione tuko mbali. Mto Ruvu tunaounywa unapata maji yake kutoka milima hiyo. Maji hayo husafishwa kabla ya kufika bombani, lakini kabichi na karoti za Nyandira zinafika sokoni zikiwa na udongo wake. Kachumbari ioshwe vizuri kwa maji safi, kila jani.

Wazee wetu wanakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wakikaa kwa vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyesubiri mfadhili. Japani nayo, baada ya vita watu wengi walikuwa na minyoo. Walipima watoto wa shule mara kwa mara, wakatibu, wakabadili vyoo, na minyoo ikabaki hadithi.

Baadhi ya wanachama walipendekeza tununue viatu. Viatu vinazuia safura, hatukatai, ila mguu wa mtoto unakua na mwakani tutaombwa tena. Sisi tunaona fedha ya mwaka huu iende kwenye vyoo vya shule: shimo lililojengwa kwa mawe lisititie, sakafu inayooshika, mfuniko, na milango inayofungika kwa wasichana. Pembeni liwepo tangi la kuvuna maji ya mvua, na sabuni. Mawe na mchanga wanakijiji watatoa. Saruji, mabati na tangi ni juu yetu.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Asiye na fedha leo aandike mifuko ya saruji atakayoleta kabla ya masika, maana masika yakianza lori halipandi.