Wanakwaya, Siku Hizi Mnasikiliza Nini?

Hotuba iliyotolewa kwa wanakwaya na waumini jioni ya kuamkia Jubilii ya miaka 50 ya kwaya yetu



Kamati ya Jubilii imenipa dakika 15 niseme neno kuhusu muziki. Historia ya kwaya mmeshaisikia kwa wazee, nao wameisimulia vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi nimeona nizungumzie masikio.

Kwa majuma kadhaa sasa, kila nilipokutana na mwanakwaya, iwe ni sokoni, stejini au hapa uwanjani baada ya misa, nilimuuliza swali moja: siku hizi unasikiliza nini? Sikuuliza anaimba nini, maana ratiba ninayo. Nilitaka kujua anachokisikiliza akiwa peke yake, kazi zimeisha na simu iko sikioni. Wengi walinijibu kwamba wanasikiliza rekodi zetu wenyewe. Si vibaya, lakini anayejitazama kwenye kioo kutwa nzima hawezi kujua jirani amevaa nini. Wachache walinishangaza. Kumbe tunao humu ndani watu wanaopenda muziki ule wa watunzi wa zamani wa Ulaya, muziki wa klasiki, na wanatumiana kimyakimya kwenye simu. Nimewaomba ruhusa niwaeleze wanachosikiliza, bila kutaja majina.

Wa kwanza ni dada mmoja wa alto, nesi wa zamu ya usiku. Yeye anasikiliza Ave verum corpus ya Mozart. Aliniambia ni dakika tatu tu, unaweza kuumaliza chai kabla haijapoa. Nikaenda kuusikiliza tena kwa sababu yake. Mozart aliutunga mwezi Juni mwaka 1791 katika mji mdogo wa Baden, karibu na Vienna, ambako mkewe aliyekuwa mjamzito alikuwa amekwenda kupumzika. Hakumtungia mfalme wala jumba la maonyesho. Alimtungia rafiki yake Anton Stoll, mwalimu wa kwaya ya parokia ya mji ule, ili uimbwe sikukuu ya Ekaristi. Una vipimo 46 tu. Mwanzoni kabisa Mozart aliandika agizo moja kwa waimbaji: waimbe kwa sauti ya chini. Mwezi Desemba mwaka huo huo alifariki, akiwa na umri wa miaka 35.

Wanakwaya, fikirini jambo hilo. Mtunzi aliyejulikana Ulaya nzima, miezi michache kabla ya kifo chake, aliketi akaandikia kwaya ya parokia. Kwaya kama yetu, yenye wachelewaji wake na wanaosahau vitabu nyumbani.

Wa pili ni kijana wa tena, fundi wa pikipiki. Yeye yuko kwenye Missa Luba. Wengine wenu mnaijua kwa kanda za zamani. Ilizaliwa mjini Kamina, katika jimbo la Katanga huko Kongo, ambako ndugu zetu wanazungumza Kiswahili. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa na kwaya ya wavulana na walimu wao. Walichukua maneno ya misa ya Kilatini, wakayatia katika nyimbo na ngoma za Waluba, wakijenga kila sehemu pamoja kwa kuimba, bila nota zilizoandikwa mbele yao. Kyrie yao inafuata wimbo wa kuomboleza. Sanctus yao inafuata wimbo wa kuagana. Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, miaka mitano kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatoa hati yake kuhusu liturujia. Baadaye Muungano National Choir, kwaya ya hapahapa Kenya chini ya mwalimu Boniface Mganga, iliiimba upya, na rekodi yao ya mwaka 1990 ikasikika ng'ambo.

Nilimuuliza kijana yule anapenda nini humo. Akasema, "Mwalimu, sikiliza yule anayeanzisha. Anaimba kidogo, halafu anawaachia." Nilifurahi. Fundi wa pikipiki husikia injini kabla ya kuifungua, na masikio hayohayo ameyaleta kwenye kwaya.

Wa tatu ni mzee wetu mmoja wa besi. Kila Kwaresima anasikiliza Mateso ya Bwana kadiri ya Mathayo ya Johann Sebastian Bach, yote, karibu saa tatu. Wataalamu wengi wanakubali kwamba iliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya mwaka 1727, katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Zipo kwaya mbili, na kila moja ina okestra yake. Mwanzoni kwaya moja inaita watu waje waomboleze, ya pili inauliza: nani? wapi? vipi? Wakati zinaulizana na kujibizana hivyo, sauti nyingine ya juu inapita katikati na wimbo wa kanisa uliotulia. Nani kati yetu haijui namna hiyo ya kuitana na kuitikiana? Bibi zetu waliimba hivyo shambani na kwenye matanga.

Lakini msidhani Bach alikuwa na kwaya ya malaika. Alihudumu Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na mwezi Agosti mwaka 1730 aliwaandikia barua wakuu wa mji. Akawahesabia wavulana wake 54. Kumi na saba, alisema, wanafaa. Ishirini bado hawajafikia. Kumi na saba hawafai kabisa. Akaeleza kwamba kila kwaya inahitaji angalau waimbaji 12, na ingekuwa bora wawe 16, kwa sababu watu huugua. Mwalimu wetu wa kwaya, ukisikia hesabu hiyo, jipe moyo. Ile kazi kubwa iliimbwa na watu wa aina hiyo, wakiongozwa na mtu aliyekuwa akihangaika na orodha ya mahudhurio.

Mimi mwenyewe, kwa sasa, namsikiliza Handel. Mtasema, "Hiyo tunaijua, ni Haleluya." Ndiyo, Haleluya tumeiimba kila Krismasi na kila Pasaka, na kesho tutaiimba tena. Lakini Haleluya ni mlango mmoja katika nyumba kubwa. Masihi ina sehemu tatu, na Haleluya inafunga ile ya pili tu. Handel aliiandika London mwaka 1741, kwa siku 24. Iliimbwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Waimbaji wengi walitoka kwenye kwaya za makanisa makuu mawili ya mji huo. Akina mama waliombwa wasivae magauni yenye pete za kuyatanua, na waungwana waache panga zao nyumbani, ili ukumbi uwatoshe watu wengi zaidi. Fedha zilizopatikana zilikwenda kwa wagonjwa na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakaachiliwa. Yaani kuna watu 142 waliorudi kwa watoto wao kwa sababu kwaya iliimba.

Katika Haleluya kuna kitu kimoja ambacho nimekuwa nikikirudia usiku. Karibu na mwisho, baada ya sauti zote kulirudia neno hilo kwa kishindo, muziki unakatika ghafla. Kimya. Kisha ndipo linakuja neno la mwisho, taratibu. Kila kwaya ina mtu wake wa kuimba ndani ya kimya kile. Sisi pia tunaye. Sitamtaja, anajijua, na yuko safu ya tatu.

Tunacheka, lakini mtu huyo si mbumbumbu wa muziki. Sauti anayo. Anajisikia mwenyewe tu, na wenzake wamempotea. Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Wapendwa, kwaya yetu imefika miaka 50 ikiwa na sare nzuri, kinanda kizuri na spika nne. Jumapili iliyopita nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili niwasikie kama anavyowasikia muumini. Nilisikia kinanda. Nilisikia ngoma iliyomo ndani ya kinanda. Nilisikia soprano wawili walio karibu na kipaza sauti. Alto sikuwasikia. Besi niliwaona tu wakifungua midomo. Mwaka huu wanakwaya wanne wa alto wameacha kuja mazoezini. Nilimtafuta mmoja wao nikamuuliza kama kuna aliyemkosea. Akasema hapana. Akaniambia, "Mwalimu, hata nikinyamaza, hakuna anayegundua."

Maneno hayo sijayasahau. Kwaya ina sauti nne ili kila mtu ahitajike. Alto akinyamaza, wimbo unapaswa kupungukiwa na kitu, na jirani yake ageuke kumtazama. Ikiwa hakuna anayegeuka, basi tumekuwa watu wengi waliosimama pamoja.

Juma lijalo mkutano mkuu wa kwaya utaamua jinsi fedha za Jubilii zitakavyotumika. Mapendekezo ni mawili: kununua spika kubwa zaidi, au kumlipa mwalimu wa nota na solfa awafundishe vijana mara mbili kwa juma kwa mwaka mmoja. Wanaotaka spika wana sababu zao, nami naziheshimu. Mzee aliye nyuma hasikii somo, na Neno la Mungu lazima lisikike. Basi tutengeneze kipaza sauti cha msomaji; hilo halihitaji fedha zote. Lakini kwa upande wa kwaya, natamka wazi: mimi nitaunga mkono mwalimu. Waanzilishi wetu walijifunza solfa kwa chaki na ubao, chini ya mti ule. Leo wanaoweza kusoma nota humu ndani ni sita, na wanne kati yao wamepita miaka 65. Spika itakayonunuliwa mwaka huu itakuwa imeharibika tutakapofikisha miaka 60. Kijana atakayefundishwa atakuwa anafundisha wengine.

Niwakumbushe jambo moja kuhusu yale Mateso ya Bach. Baada ya kifo chake kazi hiyo ilikaa kimya kwa miongo mingi. Kisha bibi mmoja wa Berlin, Bella Salomon, akampa mjukuu wake zawadi ya nakala ya nota zake. Mjukuu huyo alikuwa Felix Mendelssohn. Tarehe 11 Machi 1829, akiwa na miaka 20, aliiongoza mbele ya watu, na waimbaji wake walikuwa wapenzi wa muziki wenye shughuli zao nyingine. Tangu siku ile dunia haijaacha kumwimba Bach. Bibi alitoa nota, na kijana alijua kuzisoma. Tukikosa mmoja kati ya hao wawili, kazi inabaki kabatini.

Najua yupo atakayesema, "Mwalimu, huu ni muziki wa Wazungu, sisi tuna wetu." Kweli tunao, na tutauimba kesho kwa kayamba na vigelegele. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wale wa Kamina walipokea Kilatini kama mgeni, wakampa kiti cha kwao, na misa yao ikavuka bahari. Anayemsikiliza Mozart vizuri hatapunguza hata kidogo kupenda wimbo wa nyumbani. Atauimba akiwa anamsikia jirani yake.

Kwa hiyo nina ombi moja dogo, ambalo halihitaji kura wala mchango. Kila Alhamisi, kabla ya mazoezi, tutenge dakika kumi za kusikiliza. Juma moja waanze alto, halafu tena, halafu besi, halafu soprano. Wachague wimbo mmoja, uwe wa Leipzig, wa Kamina au wa Kisumu. Simu nyingine zote zizimwe. Tukimaliza, kila mtu ajibu swali moja: umesikia sauti gani ambayo si yako? Asiyeweza kujibu asione haya. Juma linalofuata atasikia.

Nimeshampigia simu yule dada wa alto aliyeacha. Nimemwomba atuchagulie wimbo wa Alhamisi ya kwanza. Hajasema ndiyo, lakini aliniuliza tunaanza saa ngapi. Nimemwambia saa kumi na moja na nusu jioni, na ninyi nyote nawaambia vivyo hivyo. Mje mapema, na mumwachie nafasi yake katika safu ya pili.

Nawatakia Jubilii njema. Mungu awabariki.