Daftari la Babu na Ndiva Yetu

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanachama waishio Dar es Salaam



Kamati iliponipigia simu niseme machache juu ya babu yangu, nilijua inataka hadithi ipi. Ni ile ambayo wengi wenu mmeisikia kwetu, msibani na harusini: babu alikwenda vita ya Bama, akarudi na fedha za Waingereza, akawachimbia watu ndiva. Ndiyo maana sisi wa ukoo tunaiita "ndiva ya askari". Mimi mwenyewe nimeisimulia hivyo zaidi ya miaka ishirini. Leo nimekuja kuisahihisha, na kabla ya kusimama hapa niliwaomba ruhusa baba zangu wadogo. Mmoja alikubali siku hiyo hiyo. Mwingine alichukua wiki tatu.

Babu alikuwa mkulima kabla hajawa askari, na alikuwa mkulima baada ya hapo mpaka anakufa. Jeshini alikaa miaka michache tu. Alilima mahindi na maharage, alikuwa na migomba na mibuni kidogo huko juu tunakokujua, chini ya Shengena. Shangazi husema jumbe ndiye aliyepeleka jina lake, na babu hakuwahi kukana. Alishuka kwa miguu hadi stesheni ya Makanya, akapanda treni kwenda Moshi, akavushwa Voi hadi Nairobi. Mlimani kwetu waliondoka wawili siku ile. Huyo wa pili nitarudi kwake.

Kitabu chake cha kuachishwa jeshi bado tunacho. Kimeliwa na mende pembeni, lakini namba ya kikosi inasomeka: KAR ya 36, kikosi cha Tanganyika. Wazee walisema "keya" tu, nasi tukadhani keya ni moja. Namba ile ndiyo iliyonifungulia mengine. Kikosi hicho kilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, ikafanya mazoezi ya vita vya msituni. Mwaka 1944 ikaingizwa Burma. Kuanzia Agosti hadi Desemba, wakati wa masika ya huko, walishuka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Bonde lile lilijulikana kwa malaria kuliko kwa risasi. Askari walimezeshwa kila siku dawa ya mepakrini, ambayo humfanya mtu awe wa manjano. Babu alikuwa akituambia "tuligeuka rangi kama ndizi mbivu", nasi watoto tulicheka tukidhani anatania. Matope, alisema, yalimeza nyumbu na mzigo wake. Mwanzoni mwa Desemba walifika Kalewa, na siku chache baadaye wahandisi wakamaliza daraja la chuma juu ya Chindwin, refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo. Hilo daraja alilizungumza sana. Nadhani lilimvutia kuliko vita yenyewe: jinsi maji mengi namna ile yanavyoweza kushindwa na watu wenye mpango.

Wakati yeye yuko huko, huku kwetu kulikuwa na vita nyingine. Vijana wengi hawaijui, kwa hiyo naomba dakika mbili. Serikali ya kikoloni ilileta kodi mpya ya kupanda kwa kadiri ya mali, iliyoitwa mbiru. Kila mtu akadiriwe ana nini. Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Upare waliacha nyumba zao wakaenda kupiga kambi Same, bomani, wakikataa. Mgogoro ulikwenda mpaka 1947, kodi ile ikafutwa. Mimi riziki yangu ni makadirio ya kodi, kwa hiyo mnaweza kunicheka. Lakini fikirini ni nani waliobaki kulima. Wanaume wengine wako jeshini, wengine wako Same, na mashamba yako mikononi mwa mama zetu. Babu aliporudi mwaka 1946 alikuta mfongo umeziba, na bibi anabeba maji ya kunywesha mbuzi kutoka bondeni.

Sasa nije kwenye daftari.

Baada ya kumzika shangazi mkubwa, mwaka juzi, nilipewa sanduku lake nilipange. Ndani, chini ya kanga, kulikuwa na daftari la babu la mwaka 1947. Mwandiko ni wa penseli, umenyooka kama wa karani. Ukurasa wa kwanza ni wa fedha za jeshi na zilivyokwenda: ng'ombe wawili, mabati, kodi, deni la duka. Mwishoni kuna mistari mitatu ya ndiva: majembe manne, karai moja, mbuzi wa siku ya kufunga kazi. Ndugu zangu, hizo ndizo fedha zote za Waingereza zilizoingia katika ndiva ya askari.

Kurasa zinazofuata ni orodha ya msaragambo. Kaya 41, kila kaya ikitakiwa siku 30. Nimejumlisha mara tatu, maana ndiyo kazi yangu: zilifanywa siku 1,126, zikabaki siku 104 za madeni. Kaya 17 zimeandikwa kwa majina ya wanawake. Babu mwenyewe alifanya siku 19. Pembeni mwa jina lake ameandika "homa" mara nyingi. Malaria ya Kabaw ilikuwa inamrudia. Hata hivyo hakujisamehe. Ameandika deni, siku 11, kama alivyowaandikia wengine. Nimekagua hesabu za watu wengi katika miaka yangu ya kazi, na mtu anayeshika kalamu akajiandikia deni mwenyewe ni nadra sana.

Jina la mwisho katika orodha ni la mjane wa yule aliyeondoka naye. Yeye hakurudi. Karibu na Yangon kuna kumbukumbu yenye majina ya wanajeshi karibu 27,000 waliokufa katika vita ile bila kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo. Mjane wake alifanya siku 30, kamili. Kisha, katika mpangilio wa zamu za maji, babu ameandika: Alhamisi, asubuhi mpaka adhuhuri, ni ya huyu mama na watoto wake.

Wanaotoka kwetu wameshaelewa kwa nini baba yangu mdogo alihitaji wiki tatu. Maji ya Alhamisi asubuhi tunayatumia sisi. Tumeyatumia tangu mimi niko shule ya msingi. Hakuna aliyeyaiba usiku; yule mama alizeeka, watoto wake wakahamia mjini, shamba likalala, na zamu ikateleza kuja kwetu kidogo kidogo. Mjukuu wake mmoja alipokuja kuidai tulimwambia ndiva ni ya babu yetu. Na hatukuishia hapo. Tulidai kwamba yeyote anayetaka maji aje aombe kwetu kwanza. Tukaweka kufuli kwenye mlango wa maji.

Kilichofuata mnakijua kuliko mimi. Watu waliacha kuja msaragambo. Nani atakwenda kutoa tope katika bwawa la mwingine? Ndiva hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila mvua inaleta udongo. Isipozolewa mwaka hata mmoja inakuonyesha. Yetu haijazolewa miaka sita. Nilipoingia ndani yake Desemba iliyopita maji yalinifika magotini, mahali ambapo utotoni tulikatazwa kuogelea kwa kuogopa kina. Mashamba ya chini yamerudi kungoja mvua. Halafu sisi huku Dar tunachangishana tukisema tatizo la kwetu ni ukame.

Kwa hiyo haya ndiyo tuliyokubaliana katika ukoo, na barua yenye sahihi zetu nimemkabidhi Katibu. Kufuli limeondolewa. Alhamisi imerudi kwa wenyewe, na wajukuu wawili wa yule mama tumekaa nao tukala nao makande nyumbani kwangu kabla ya mkutano huu. Hawakutulaumu sana. Mmoja aliuliza tu kama jina la bibi yao limeandikwa sawasawa, nikamwonyesha. Ndiva itakuwa chini ya kamati ya wanaotumia maji, na ukoo wetu utakuwa na mjumbe mmoja kama wengine.

Juu ya fedha, naongea sasa kama mhasibu. Mchango wa mwaka huu ni wa saruji ya ukuta, mlango mpya wa chuma na nondo. Naomba usitumike kulipa vibarua wa kuzoa tope. Tukilipa vibarua mwaka huu, mwakani tope litatungoja sisi wa mjini tutume tena. Tope lizolewe kwa msaragambo, siku ziandikwe daftarini, na asiyefika aandikwe deni. Wengi tunapanda kwenda nyumbani kwa Krismasi. Tupande siku nne mapema.

Sisi wajukuu tumeamua kuanza na zile siku 11 za babu. Tuko tisa, kwa hiyo wawili watafanya siku mbili mbili, na mimi ni mmoja wao kwa sababu ndiye niliyeleta maneno haya.

Daftari nimelileta. Liko pale mezani kwa Mweka Hazina. Anayetaka kutafuta jina la bibi au babu yake aende akaangalie, ila penseli inafutika, naomba mfunue kurasa kwa mikono mikavu.