Mafuta ya Taa Ndani ya Chupa ya Soda



 Ndugu zangu vijana, wazazi wangu, leo nataka tuzungumze jambo la jikoni.

Magharibi yakaribia, mama yuko mbioni na futari. Mafuta ya stovu yako ndani ya chupa ya soda, chini sakafuni. Mtoto wa miaka miwili ana kiu. Yeye ajua chupa ile ni ya soda, basi apiga funda. Haya niliyaona kwa jirani yetu. Bibi yake akamtia kidole ili atapike, wengine wakaleta maziwa. Nia ilikuwa njema, lakini ndiyo makosa yenyewe. Alilazwa, na alhamdulillahi akapona.

Kwa nini ni makosa? Mafuta ya taa ni mepesi na huteleza. Mtoto akitapika, huingia njia ya pumzi na kuyachoma mapafu. Mapafu ndiyo hudhurika kwanza, na kiasi kidogo chatosha. Yakishindwa kazi, moyo nao hukosa hewa safi. Na yale yaingiayo kwenye damu yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuumiza figo. Petroli ni vivyo hivyo, kwa hiyo wewe fundi unayeivuta kwa mpira mdomoni, jihadhari! Hata gundi wanayonusa vijana wetu huharibu figo, na yaweza kusimamisha moyo ghafla.

Ikitokea, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali, na chupa uende nayo daktari aione. Hata akionekana mzima, mpeleke, maana kikohozi na shida ya kupumua huweza kuja baada ya saa kadhaa.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alitufunza tufunike vyombo na tuzime taa kabla ya kulala. Dini yetu haikusahau usalama wa nyumba. Basi leo, kabla hujaenda tarawehe, ingia jikoni kwenu. Mafuta yatie kwenye mtungi wake wenye kifuniko, uweke juu pasipofikiwa na mtoto. Ni kazi ya dakika tano tu. Mtoto ni amana, na amana tutaulizwa.