Upepo Una Bili



Chini ya ukuta wa Ngome ya Yesu, Mombasa, upande wa bahari, yamelala mabaki ya Santo António de Tanna, merikebu ya kivita ya Wareno iliyozama mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji wakiongozwa na Robin Piercy waliichimbua humo majini, na baadhi ya walivyovitoa vimewekwa kwenye makumbusho ya ngome hadi leo. Walifanya kazi hiyo kwa upepo wa kushindiliwa. Na mzamiaji hana mchezo na upepo. Akifika mita 10 chini ya maji, pumzi moja inakula upepo maradufu ya ule anaoutumia akiwa juu, kwa hiyo jicho lake haliko mbali na geji. Mtungi ukivuja, hashuki.

Sasa panda matatu uende Changamwe au Shimanzi. Viwandani kule upepo ni uleule, umetoka kwenye kompresa. Unafungua vali, unasukuma unga wa saruji ndani ya mabomba, unapuliza chupa za plastiki, unarusha mchanga wa kung'oa kutu kwenye ubavu wa meli. Kisha ingia kiwandani saa ya chakula, mashine zikiwa kimya. Utasikia ssss kwenye kiungo hiki, ssss kwenye mpira ule. Hakuna anayegeuka. Yangekuwa ni mafuta yanayomwagika sakafuni, meneja angekwishapiga kelele.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi kampuni changa za ng'ambo zinakuja na kompresa mpya, na kila moja inasema yake inakula umeme kidogo. Nyingine hazidanganyi. Uingereza, mvumbuzi Steve Lindsey alianzisha kampuni iitwayo Lontra, na kompresa yake yenye umbo jipya ikajaribiwa kwenye mtambo wa majitaka wa kampuni ya maji ya Severn Trent. Akiba iliyotangazwa ilipita asilimia 20. Kwa mashine inayonguruma mchana na usiku, hiyo ni pesa ya kueleweka. Na wanaojua hesabu za viwanda watakwambia kwamba bei ya kununulia kompresa ni sehemu ndogo. Ukiitumia miaka 10, zaidi ya thuluthi mbili ya gharama yake yote huwa ni umeme. Ndiyo maana ile kompresa kuukuu iliyoshushwa bandarini kwa bei ya kutupa mara nyingi huwa ghali kuliko mpya. Inazunguka kwa kasi moja tu, na hata pale kiwanda kisipohitaji upepo, mota yake inaendelea kula kama thuluthi moja ya umeme wake bila kushindilia chochote.

Kwa hiyo mimi siwafungii mlango wageni hawa. Ninalo neno nao, lakini, nalo linahusu hali ya hewa.

Ule ufanisi ulioandikwa kwenye karatasi ya kompresa hupimwa kwa kanuni ya kimataifa, ISO 1217, na kanuni hiyo inachukulia kwamba hewa inayoingia ina nyuzijoto 20 na haina unyevu hata chembe. Niambie, msikilizaji, ni lini umeiona hewa hiyo Mombasa? Februari, kaskazi ikielekea ukingoni, kivulini peke yake ni nyuzi 32. Ndani ya chumba cha kompresa chenye bati juu na dirisha moja linalotazama ukuta, ni zaidi ya hapo. Hewa ya moto ni nyepesi, na kompresa huchota kwa ujazo, haichoti kwa uzito. Kila joto likipanda nyuzi 3 au 4, unapoteza kama asilimia 1 ya umeme. Mara nyingine bomba tu la kuvuta hewa kutoka nje, upande wa kivuli, linalipa kuliko mashine mpya. Fundi wa mabati analitengeneza kwa siku moja.

Unyevu ndio balaa lenyewe. Chukua kompresa ya wastani, inayovuta mita za ujazo 10 kwa dakika. Kwa hewa ya pwani hii, yenye nyuzi 30 na mvuke tele, ikishindilia na kupooza itatema zaidi ya lita 10 za maji kila saa. Ndoo nzima na zaidi! Maji hayo yasipotolewa yanaingia kwenye mabomba, yanakula chuma, yanatia madoa kwenye rangi. Anayepiga rangi magari kwenye gereji anayajua vizuri. Ongeza chumvi ya bahari, halafu uchukue ile saketi ya elektroniki inayobadili kasi ya mota, maana hapo ndipo penye siri ya kompresa nyingi za siku hizi, uiweke katika chumba hicho. Ikiungua, nani ataitengeneza? Mafundi wa Mbaraki wamefungua injini za meli za kila bendera, mkono wanao. Vipuri na michoro ndivyo vinavyokosekana, na kampuni changa ya ng'ambo inaweza kufa kabla ya mashine yake.

Basi, kama muuzaji ana imani na kompresa yake, aache kuuza chuma. Auze upepo. Aifunge mashine kiwandani kwa gharama yake, aweke mita, alipwe kwa kila mita ya ujazo inayopita, na matengenezo yawe juu yake. Ulaya mtindo huo upo kwa miaka mingi. Hapo joto la Februari linakuwa shida yake yeye, na hataihitaji karatasi ya nyuzi 20 kumtetea.

Lakini mwenye kiwanda naye asijifiche nyuma ya mgeni. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilimtaka kila mwenye kutumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, kisha atekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Ripoti za ukaguzi huo nadhani zinafungwa vizuri sana kwenye mafaili. Wakati huo mabomba yanavuja: tundu la milimita 3, presha ikiwa ya bar 7, linakula kama kilowati 4. Likivuja mwaka mzima ni yuniti 35,000. Tuseme yuniti ni shilingi 20, kodi na tozo ndani: shilingi laki saba zimetoka kwenye tundu ambalo njugu haipiti.

Na kulijua hilo hakuhitaji mtaalamu kutoka popote. Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa, zima kila kinachotumia upepo, uache kompresa peke yake, kisha ukae na saa. Kama ni ile ya kasi moja, itashindilia, ipumzike, ishindilie tena, ingawa hakuna anayeutumia upepo huo. Ikishindilia dakika 3 na kupumzika 7, basi asilimia 30 ya nguvu yake inavuja. Pita na povu la sabuni kwenye viungo, tia alama kwa chaki, na Jumatatu fundi abadilishe mipira na vibanio. Muuzaji wa kompresa mpya akibisha hodi siku hiyo, mpe kahawa, mwambie arudi mwezi ujao. Huenda ukahitaji mashine ndogo kuliko aliyokuja kukuuzia.